Kingamwili haibadilishi jeni za mtu, naomba kile kichwa cha habari kirekebishwe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mbeya, huku baridi imeshaanza kuuma. Naandika kuhusu ile habari ya ukurasa wa afya yenye kichwa kikubwa kinachosema kingamwili zinabadili jeni za seli za binadamu. Habari yenyewe ndani haikuwa mbaya, nimeisoma yote mpaka mwisho, ilikuwa inaelezea namna kingamwili, yani protini za kinga ambazo mwili unazitengeneza kushika wadudu wa magonjwa, zinavyofanya jeni fulani zifanye kazi zaidi na nyingine zipungue ndani ya seli za NK, yani zile seli nyeupe za damu zinazoitwa wauaji wa asili. Shida ni kichwa. Watu hawasomi ndani mhariri, wanapiga picha kichwa wanarusha kwenye magrupu ya WhatsApp, na hiki kimefika mpaka kwenye grupu la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chini yake mtu kaandika "si tulisema, chanjo zinabadilisha jeni". Maana chanjo kazi yake ni kuufanya mwili utengeneze kingamwili, kwahiyo mtu anaunganisha mwenyewe tu, kingamwili inabadili jeni, chanjo inaleta kingamwili, basi chanjo inabadili jeni. Na kwa kilichoandikwa pale juu huwezi hata kumlaumu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, kazi yangu kila siku ni damu za watu, na naomba nafasi nieleze hili jambo taratibu sababu kwa mikoa yetu ya huku lina uzito wake.

Tuanze na seli yenyewe. NK zilielezwa mwaka 1975, Rolf Kiessling na wenzake kule Uswidi, na Ronald Herberman na wenzake Marekani, kila upande ukifanya kazi kwa panya wa maabara, wakakuta kuna seli nyeupe zinaua seli za saratani bila kufundishwa kwanza, yani bila huyo panya kuwahi kukutana na saratani hiyo. Ndo maana zikaitwa za asili. Kwa mtu mwenye afya, ukichukua zile seli nyeupe aina ya limfosaiti kwenye damu, NK ni kama asilimia 5 mpaka 15 hivi, sio nyingi, lakini zinazunguka mwili mzima zikikagua seli moja moja. Seli yenye afya inaonyesha kwa nje protini za kundi la HLA, na NK ikiziona inatulia. Virusi vingi na saratani nyingi zinaficha zile protini ili zisionekane na walinzi wengine, sasa NK yenyewe ikikosa kuziona ndo inapata shaka.

Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ndo ya kingamwili, na ndo habari yenu ilikuwa inaihusu. Kingamwili ina umbo la herufi Y, mikono miwili ya juu inashika adui, kirusi au kimelea au seli ya saratani, halafu kuna mkia chini. Huo mkia watu wengi hawausikii kabisa. Wanadhani kingamwili ikishashika adui basi imeua. Mara nyingine kushika kunatosha kweli, kirusi kikifunikwa vizuri hakiwezi kuingia kwenye seli. Lakini mara nyingi kingamwili haiui chochote peke yake, inaita wengine, na inaita kwa mkia. NK nyingi zilizoko kwenye damu, kama asilimia 90, zina kipokezi nje kinachoitwa CD16, na kazi ya hicho kipokezi ni kushika mkia wa kingamwili ya aina ya IgG. Kinashika kwa ulegevu, ndo maana kingamwili moja moja inayoelea kwenye damu haiishtui NK, maana damu ya kila mmoja wetu imejaa IgG muda wote na NK zingekuwa zinachachamaa kutwa nzima. Lazima zijipange nyingi juu ya adui mmoja, mikia yote imetazama nje, zivute CD16 nyingi kwa pamoja, hapo ndo ishara inaingia ndani ya seli.

Ishara ikishaingia vinatokea vitu viwili kwa mwendo tofauti, na hapa naomba msomaji anifuate vizuri. Cha kwanza kinatokea ndani ya dakika. NK ina vifuko ndani ambavyo vimeshajazwa tayari perforini na granzaimu, inavimimina pale ilipogusana na adui, perforini inatoboa, granzaimu zinaingia na kuilazimisha ile seli ijiue. Hapo hamna jeni mpya iliyosomwa, silaha zilikuwepo. Cha pili kinachukua masaa. Ishara inafika mpaka kwenye kiini cha seli na jeni kadhaa zinaanza kusomwa kwa kasi kuliko kabla, jeni ya interferoni gama na ya TNF, protini mbili za kuamsha walinzi, jeni za CCL3 na CCL4 ambazo zinaita seli zingine zije eneo la tukio, jeni ya CD137 ambayo inaleta kipokezi kipya juu ya NK yenyewe. Interferoni gama inaziamsha makrofeji, zile seli zinazomeza wadudu, na inafanya seli jirani ziongeze zile protini za HLA ili walinzi wengine waone vizuri. Ikitokea pale jirani kuna saitokini, yani protini za kupashana habari kati ya seli, kama IL-12 au IL-15 basi interferoni inayotoka inakuwa nyingi zaidi kuliko kingamwili ikiwa peke yake. Na wakati huohuo NK inakata CD16 zake kwa kimeng'enya kinachoitwa ADAM17, inajiachia kutoka kwa adui aliyekwisha ili iende kwa mwingine.

Sasa kusomwa kwa jeni ni nini. Karibu kila seli yako ina jeni zote zile zile, kama 20,000 zinazotoa protini, seli ya ini inazo, ya ngozi inazo, NK inazo. Kinachotofautisha ni zipi zinanakiliwa kuwa RNA kwa wakati huo na kwa wingi gani. Watu wa Ismani wanajua ghala la mbegu, mahindi yapo, alizeti ipo, maharage yapo, mvua zikikaribia unatoa debe la mahindi unapeleka shambani, na kutoa mbegu ghalani hakujawahi kuifanya mbegu ya mahindi kuwa kitu kingine, mwakani ukifungua gunia ni ileile. Kingamwili ikishtua NK ni hicho tu kinachotokea, jeni fulani zinatolewa nakala nyingi kwa masaa au siku, kazi ikiisha nyingi zinashuka. Herufi za DNA, yani maandishi yenyewe ya jeni, ukizisoma kabla na ukazisoma baada ni zilezile.

Na tunajuaje? Hili nalipenda kulieleza maana ni kazi ya mikono ninayoijua. Unachukua damu ya mtu aliyekubali, tyubu ya kifuniko cha zambarau, unatenganisha seli kwa kuzungusha, unazitoa NK peke yake, nusu unaziweka na seli za saratani zilizovikwa kingamwili na nusu unaziacha bila, unasubiri masaa, halafu unatoa RNA na kuhesabu nakala za kila jeni kwa mashine. Kinachohesabiwa ni RNA, ile nakala. Na RNA ni kitu chepesi kuharibika kupita maelezo, vimeng'enya vinavyoivunja viko kwenye ngozi ya vidole vyako, kwahiyo ni glavu muda wote, ni barafu, ni friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika na jenereta ikachelewa sampuli za wiki nzima zinaweza zikakosa maana. Kitu kinachoharibika upesi hivyo ndo ambacho kichwa chenu kimekiita jeni za binadamu zilizobadilika. Nakala ikivunjika seli inatoa nyingine au inaacha, jeni iko palepale.

Nisije nikaonekana naficha kitu, yapo mambo mawili ambayo mtu akiyasoma intaneti atadhani nimedanganya, bora niyaseme mwenyewe. La kwanza, yapo mabadiliko ndani ya NK yanayodumu muda mrefu. Watu walioambukizwa kirusi kiitwacho CMV, na huku Afrika wengi wetu tunakipata tukiwa wachanga kabisa bila hata kujua, wanakuwa na kundi la NK ambalo linaitikia kingamwili kwa nguvu zaidi, na ukiangalia DNA yao kuna alama za kikemikali zimeongezwa sehemu fulani na zimeondolewa sehemu zingine, alama zinazosema hii isomwe kirahisi na hii isisomwe. Zinakaa muda mrefu. Lakini ni alama juu ya herufi, herufi hazijaguswa. La pili, seli zinazotengeneza kingamwili zenyewe, seli B, hizo kweli zinakata na kuunganisha upya kipande cha DNA yao ili kila moja iwe na kingamwili ya aina yake, Susumu Tonegawa alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kugundua hilo. Huo ni utaratibu wa mwili tuliozaliwa nao, unaendelea ndani yako sasa hivi ukisoma hii barua, uwe umechanjwa au hujachanjwa, unaishia kwenye hizo seli, na haufiki kwenye mbegu za uzazi wala kwa mtoto. Hofu kubwa ninayoisikia ni hiyo ya kizazi, hasa kwa kinamama, kwahiyo nairudia, haufiki kwa mtoto.

Sasa kwanini nasema ni jambo letu la huku. Angalia malaria. Mkoa mmoja huu wa Mbeya una Kyela kule chini ziwani penye joto na mbu, na una milima ambayo mbu wa malaria wanasumbuka kuishi, na ukivuka kwenda Makete na Njombe malaria ni ya nadra kabisa. Mtu aliyekulia Kyela na akapona malaria nyingi za utotoni ana kingamwili ambazo aliyekulia Makete hana. Hizo kingamwili nyingi zinalenga protini inayoitwa PfEMP1 ambayo kimelea kinaitokeza juu ya chembe nyekundu ya damu. Mwaka 2018 watafiti walionyesha maabara kwamba chembe nyekundu zenye vimelea zikishavikwa kingamwili za watu wanaoishi penye malaria, NK zinazishambulia na kuzipasua, na bila kingamwili zinaziacha kwa sehemu kubwa. Mwaka 2021 ikatoka nyingine iliyonishangaza zaidi, kwamba kwenye mkia wa kingamwili kuna mnyororo wa sukari, na kati ya hizo sukari kuna moja ndogo inaitwa fukosi, na kingamwili za PfEMP1 ambazo watu wanazipata kwa kuugua zinakosa hiyo fukosi kwa sehemu kubwa. Mkia usio na fukosi unashikwa na CD16 kwa nguvu zaidi, NK inashtuka zaidi. Walipoangalia chanjo ya majaribio ya kuwakinga wajawazito, iliyotengenezwa kwa kipande cha protini peke yake, kingamwili zilitoka nyingi tu lakini zikiwa na fukosi yake, na NK hazikushtuka vile. Yani chanjo na ugonjwa vinaweza kukupa kingamwili inayoshika adui uleule na bado mkia ukaongea tofauti na NK zako. Fikiria mhariri, sukari moja. Hii ndo stori ambayo wasomaji wenu wa Kyela na Busokelo walistahili kuipata, na ingewafaa kuliko kile kichwa.

Saratani nayo ni hivyohivyo. Dawa ya rituksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani za tezi za limfu, trastuzumabu ikafuata 1998 kwa baadhi ya saratani za matiti, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu. Zote ni kingamwili zilizotengenezwa na sehemu ya kazi yake inapita kwenye mkia na NK. Kuna hata tofauti ya kuzaliwa, jeni ya CD16 ina aina mbili zinazotofautiana herufi moja, mwenye aina moja kipokezi chake kinashika mkia vizuri kuliko mwenye nyingine, na mwaka 2002 Wafaransa walionyesha wagonjwa wenye ile inayoshika vizuri walipata nafuu zaidi na rituksimabu, ingawa tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Mama anaeambiwa na daktari atachomwa dawa ya kingamwili, halafu simu ya mwanae ina picha ya gazeti lenu inayosema kingamwili inabadili jeni, unafikiri atarudi kwenye dozi ya pili? Wamama wananiuliza pale ninapowatoa damu, "mwanangu, eti hii dawa inaingia kwenye uzao wangu?" Namjibu hapana mama, nakaa nae namweleza, lakini mimi nawaona wachache na picha ile imewaona maelfu.

Halafu kuna UKIMWI, na hapa naomba muwe makini kuliko kote. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Sisi ndo tunaoongoza. Na Mbeya hii hii, kupitia kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, watu wa kawaida wamekuwa wakijitolea miaka na miaka kwenye majaribio ya chanjo, wauza nguo Mwanjelwa, mabodaboda, kinadada wa baa, wakulima. Hili la karibuni la PrEPVacc lilihusisha Mbeya, Dar es Salaam, Masaka kule Uganda na Durban Afrika Kusini, na utoaji wa zile chanjo ukasitishwa mwishoni mwa 2023 ilipoonekana haziwezi kuzuia maambukizi. Inauma, lakini jibu la hapana nalo ni jibu, na waliolitoa ni hao watu.

Kingamwili na NK ziko katikati ya hilo swali. Jaribio pekee la chanjo ya UKIMWI lililowahi kuonyesha kinga kidogo ni lile la Thailand lililotoa matokeo 2009, watu zaidi ya 16,000, kinga asilimia 31.2, ndogo mno kuitumia kwa umma. Watafiti walipochimba wakaona kinga haikufuatana na kingamwili za kuziba kirusi zile ambazo kila mtu alizitegemea, ilifuatana na kingamwili za kushika sehemu fulani ya kirusi, na kulikuwa na dalili kwamba uwezo wa kuita seli wauaji kwa mkia ulichangia. Tangu hapo ukichukua damu ya mtu aliyejitolea hutosheki kuuliza ana kingamwili ngapi, unauliza mkia wake unafanya NK zisome jeni gani. Ndo sababu mtu anatolewa tyubu nyingi mpaka analalamika, na ndo sababu anastahili kuambiwa zinakwenda kufanya nini. Stori za mtaani kwamba damu inauzwa zinapata pa kukaa pale ambapo maelezo hayakufika.

Kwahiyo maombi yangu. Kwanza masahihisho, na yasiwekwe ukurasa wa ndani chini kabisa kwa herufi za kusomea na miwani, yawekwe palepale kilipokuwa kichwa na kwa ukubwa uleule, sababu kinachozunguka ni picha na picha inajibiwa kwa picha. Maneno yanaweza kuwa mafupi tu, kwamba kingamwili zinaziamsha seli za ulinzi zitumie jeni zilizokuwa nazo, na jeni zenyewe hazibadiliki. Pili, mnapopata habari ya utafiti mpigieni mtu wa maabara mmoja asome kichwa kabla hakijachapwa, wapo Mbeya, wapo Iringa, wapo vyuoni, hawatawadai hela kwa hilo. Tatu, wale wanaofanya tafiti huku na wasiorudi kueleza matokeo kwa Kiswahili, wapeni nafasi na muwaulize wazi wazi, matokeo yenu yako wapi kwa lugha ya waliotoa damu. Yakishatoka kwa Kiswahili redio za huku zitayapeleka kwa Kinyakyusa, Kihehe na Kibena, watangazaji wanaojua wapo.

Nitafurahi mkinipa nusu ukurasa nimchoree msomaji ile Y na mkia wake na NK ikiushika, nimeshaichora nyuma ya fomu za maabara kwa watu wengi na inaeleweka haraka kuliko maneno. Naomba tu iwahi, timu za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi zinapita mashuleni kwa mabinti, na picha ya kichwa chenu itakuwa imefika kwa wazazi kabla yao.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mteknolojia wa maabara, Mbeya